Oveni inayojisafisha: moto mkali, mvuke, kuta za katalisti au mkono wako?

Dada yangu anayeishi Lanet, Nakuru, alinipigia simu akiwa ndani ya duka la vyombo vya umeme, oveni mbili mbele yake. Muuzaji alikuwa amemwambia kwamba zote mbili zinajisafisha zenyewe. Moja ilikuwa na kitufe cha kusafisha na mlango unaojifunga kwa komeo. Ya pili ilikuwa na kishimo kidogo sakafuni, cha kumiminia maji. Bei zao zilipishana sana. "Nichukue ipi?" akauliza. Nikamjibu kwa maswali. Waya unaoingia jikoni kwako ni mnene kiasi gani? Vifaranga bado wanalala kwenye stoo iliyopakana na jiko? Maji unayotumia ni ya kisima au ya tangi la mvua? Akashangaa: yeye anauliza habari za oveni, mimi namuuliza habari za nyumba.

Lakini ndipo penye jibu. Ninaoka keki na kuchoma kuku kwa oda hapa Kisumu, na nimetumia au kusaidia wenzangu kutumia kila aina ya oveni nitakayoitaja. Uchafu wa oveni unaweza kuondoka kwa njia yoyote ukiamua. Kinachotofautiana ni mzigo ambao kila njia huitwika nyumba: kwenye waya, kwenye hewa, kwenye maji, na kwa watu na wanyama wanaolala humo.

Njia zenyewe

Ya kwanza ni moto mkali. Madukani wanaiita pairo, ufupisho wa pairolisisi. Oveni hujipasha mpaka nyuzi 430 hadi 500 za Selsiasi, yaani karibu mara mbili ya joto kali kabisa la kuchomea kuku, kwa saa moja na nusu hadi nne kulingana na modeli. Mafuta na makombo huungua yakabaki jivu, ukalifuta kwa kitambaa kibichi. Si jambo jipya: General Electric ya Marekani iliitoa oveni ya namna hii mwaka 1963.

Ya pili ni mvuke. Unamimina maji sakafuni, nusu lita au pungufu, unabonyeza kitufe, na kwa muda wa nusu saa hivi mvuke unalainisha uchafu. Kisha unaufuta wewe mwenyewe. Hapa neno "kujisafisha" limetiwa chumvi, na ni vizuri mnunuzi alijue hilo kabla ya kulipa.

Ya tatu ni kuta za katalisti. Ukuta wa nyuma, na mara nyingi wa pembeni pia, umepakwa enameli, rangi ngumu kama kioo, yenye vitundu vidogo na kemikali inayochochea uunguaji. Oveni ikivuka nyuzi 200, mafuta yaliyorukia ukutani hunyonywa na kuungua polepole huku wewe unaendelea kupika. Hakuna kitufe cha kubonyeza.

Ya nne ni mkono: bekingi soda, kitambaa, siki na usiku mmoja wa kungoja. Nimeiweka hapa kwa sababu kuka nyingi za gesi (majiko yenye oveni chini yake) majumbani mwetu hazina njia nyingine, na kwa sababu zile tatu za kwanza zote zina sehemu zinazokurudisha kwenye mkono.

Ukiwa dukani, usiishie kwenye kibandiko cha mbele. Pitisha kidole kwenye ukuta wa ndani. Ukikwaruza kidogo kama msasa laini na haung'ai, hiyo ni katalisti. Ukiwa laini na unang'aa, tazama sakafu kama ina kishimo cha maji, kisha tazama ukingo wa mlango kama una ndoano ya komeo. Omba kitabu cha maelekezo ukisome palepale. Muuzaji akikuambia kitabu kimepotea, mwambie akupe namba ya modeli, ukisome kwenye simu kabla hujatoa pesa.

Ninavyozipima

Nazipima kwa mambo manne: aina ya uchafu ambao kila njia inaweza kuuondoa; hewa, joto na usalama wa waliomo nyumbani; stima, waya na maji; kisha matunzo na upatikanaji wa spea. Bei ya dukani sikuiweka peke yake, kwa sababu inabadilika kila mwezi na kwa sababu gharama kubwa huwa inakuja baadaye, kupitia tokeni na fundi.

Uchafu gani unatoka

Jiulize kwanza unapika nini zaidi. Anayechoma kuku wa kienyeji au samaki aina ya mbuta kila Jumapili anarushia kuta mafuta. Anayeoka keki anamwagia sakafu unga mzito na sukari. Mafuta na sukari ni uchafu wa aina mbili tofauti.

Moto mkali unaondoa yote mawili, hata yaliyokaa miaka. Hata hivyo, dimbwi la mafuta au sukari iliyomwagika lazima ulifute kwanza kwa mkono, kwani likifikia joto lile linaweza kushika moto ndani ya oveni iliyofungwa.

Katalisti ni hodari kwa mafuta yaliyoruka, na hapo tu. Sukari, maziwa na jamu huziba vile vitundu, na ukuta ukishaziba hausaidii tena. Tena haisafishi sakafu wala glasi ya mlango, kwa sababu hazikupakwa hiyo dawa. Mteja wangu mmoja wa Milimani hapa Kisumu alidhani oveni yake imeharibika kwa sababu sakafu ilibaki nyeusi. Ilikuwa nzima kabisa.

Mvuke uko kinyume chake. Unga, sukari na mchuzi wa jana vinalegea vizuri, kwa kuwa vyote hivyo maji huviingia. Mafuta yaliyookwa juu ya mafuta mengine mara ishirini hayasikii mvuke. Ukiufanya kila baada ya siku mbili tatu za kuoka, utaupenda. Ukiungoja mpaka Pasaka, utakuta kazi imekushinda.

Mkono unaondoa chochote kwa anayevumilia, ila uelewe dawa yako inavyofanya kazi. Bekingi soda ni alkali, na alkali huyavunja mafuta. Wapishi wa Kakamega na Bungoma wanaolainisha mboga ya mrenda kwa musherekha, maji ya majivu, wameishi na nguvu hiyo tangu utotoni. Siki ni asidi. Kosa ninaloliona kila mara ni mtu kupaka soda na kumwaga siki juu yake papo hapo, akafurahia povu. Povu lile ni soda na siki zinazomalizana nguvu, na kinachobaki hakina makali ya yeyote kati yao. Paka uji mzito wa soda na maji, uache usiku kucha, ufute asubuhi, ndipo unyunyize siki kidogo kuondoa weupe uliobaki.

Hewa, joto na waliomo nyumbani

Hapa nakuomba usome polepole, maana ndipo watu wanapoumia.

Moto mkali unapochoma mafuta, hauyafanyi yatoweke. Unayageuza moshi, na ndani ya moshi huo kuna kaboni monoksaidi pamoja na gesi nyingine zinazochoma macho na koo. Sote tunajua habari za watu waliolala na jiko la makaa chumbani, milango imefungwa, wasiamke. Oveni isiyo mbovu haitoi gesi kiasi kile, lakini ni gesi ya ukoo uleule, na kadiri oveni inavyokuwa chafu ndivyo inavyotoa nyingi zaidi. Kwa hiyo: madirisha wazi tangu mwanzo hadi oveni ipoe, feni ya kuvuta moshi iwake kama ipo, mlango wa jiko kuelekea vyumbani ufungwe. Mwenye pumu, mjamzito, mtoto mchanga na mzee mwenye kifua watoke nyumbani saa hizo. Usiiwashe usiku ukaenda kulala, wala usiiwashe ukaondoka kwenda sokoni. Lazima awepo mtu mzima aliye macho.

Hali ya hewa ya kwetu inabadilisha hesabu. Kisumu madirisha yako wazi mwaka mzima, kwa hiyo moshi unapata njia. Shida ni joto. Kuongeza tanuru la nyuzi 480 kwenye jiko dogo la Migosi saa nane mchana ni kujitesa. Mimi nashauri saa kumi na mbili asubuhi, kabla jua halijapanda. Nakuru ni kinyume. Kule juu, mita 1,850 hivi kutoka usawa wa bahari, baridi ya Julai huwafanya watu wafunge kila dirisha, na moshi ukizalishwa humo unabaki humo. Kama huwezi kuvumilia saa tatu za dirisha wazi kwenye baridi, basi usifanye usafi huo siku hiyo.

Kisha kuna ndege. Hewa hupita kwenye mapafu ya ndege kuelekea upande mmoja, ikisaidiwa na vifuko vya hewa mwilini, kwa hiyo ndege hunyonya sumu ya hewani haraka kuliko sisi. Ndiyo sababu wachimba migodi ya makaa ya mawe walikuwa wakiingia na kanari shimoni. Moshi wa mafuta yaliyoungua unawadhuru, na mvuke unaotoka kwenye sufuria au trei isiyoshika chakula, ile yenye utando mweusi wa plastiki ya teflon, ukipashwa kupita kiasi unaweza kuwaua kwa dakika chache. Vifaranga wa bruda (kizimba cha kuwapa joto), kuku waliofungiwa stoo, kasuku wa kibarazani: wahamishe mbali, wasirudi mpaka nyumba ipate hewa safi. Trei ya teflon haipaswi kuwemo ndani ya oveni wakati wa moto mkali hata kidogo.

Joto la nje nalo ni la kuangalia. Oveni za pairo zina kinga nene kuliko nyingine na mlango wa glasi tatu au nne, kwa hiyo siku za kupika kawaida mlango wake huwa wa baridi zaidi kuliko wa oveni nyingine, jambo jema kwa nyumba yenye mtoto anayeanza kutembea. Lakini wakati wa kusafisha, glasi ya nje inapata moto kuliko mtoto alivyozoea. Mzuie asiingie jikoni. Kitambaa kilichoning'inizwa kwenye mpini wa mlango kiondoe. Komeo litajifunga lenyewe joto likipanda, na usijaribu kulilazimisha: hewa ikiingia ghafla kwenye mafuta yanayochemka kwa joto lile, utapata mwali usoni.

Kwa mvuke hatari ni moja: kufungua mlango huku umeinama. Simama kando, fungua kidogo, acha wingu la kwanza litoke juu, ndipo ufungue lote. Katalisti haiongezi hatari yoyote kubwa kuliko ya kupika kawaida, ila siku unayoipasha nyuzi 250 bila chakula ili kuyachoma masalio, fungua dirisha.

Mkono unaonekana mpole, lakini dawa za kunyunyiza za oveni nyingi zina kostiki, alkali kali sana, nayo hula ngozi na kupofusha jicho. Glavu za mpira, dirisha wazi, mtoto mbali. Zaidi ya yote, usichanganye jiki (dawa ya kung'arishia nguo nyeupe) na siki, wala jiki na dawa nyingine yoyote. Jiki ikikutana na siki hutoa gesi ya klorini, na kichwa chako kikiwa ndani ya oveni huna pa kukimbilia. Kama ni kuka ya gesi, funga mtungi kabla ya kuanza na usinyunyize kitu kwenye vitundu vya moto. Kama ni ya stima, zima swichi ya ukutani.

Stima, waya na maji

Moto mkali hula uniti tatu hadi sita kwa usafi mmoja. Kujua ni pesa ngapi, fungua ujumbe wa tokeni ya mwisho uliyonunua, gawanya shilingi ulizolipa kwa uniti ulizopewa, kisha zidisha. Mvuke hauli hata uniti moja. Katalisti haili kitu cha ziada ukiwa unachoma nyama, na ukiipasha tupu kwa saa moja hula uniti moja au mbili. Mkono, sifuri.

Lakini uniti si tatizo kubwa. Tatizo ni waya. Soketi ya kawaida ya kwetu ni ya ampea 13, na kwa volti 240 inabeba wati 3,120, basi. Oveni nyingi za pairo zinasimama kwenye wati 3,000 hadi 3,600. Kukaanga mandazi kwa dakika ishirini kwenye soketi iliyolemewa kunaweza kupita salama. Saa tatu mfululizo ni jambo jingine, plagi inayeyuka. Soma kibandiko kilicho pembeni mwa mlango. Ikizidi wati 3,000, itake waya wake wenyewe kutoka kwenye ubao wa fyuzi, wenye sakiti breka yake na swichi kubwa ya kuka, uliofungwa na fundi stima mwenye leseni. Ile fridge guard ndogo ya kuchomeka ukutani, ya kulinda friji volti zikiyumba, haikutengenezewa mzigo huu, wala ekstensheni yoyote.

Oveni za mitumba kutoka Uingereza zinaelewana na stima yetu. Zilizoletwa kwenye kontena kutoka Marekani zimeundwa kwa volti 120 na 240 kwa pamoja na stima yenye mizunguko 60 kwa sekunde, wakati yetu ni 50. Usimruhusu fundi akuambie "itaingia tu."

Kisha volti zenyewe. Jioni kila mtu akiwasha vyake, baadhi ya mitaa hushuka hadi volti 200. Nguvu ya oveni haipungui kwa kadiri ileile, inapungua zaidi. Kwa volti 200, hita ya wati 3,000 inabaki na wati 2,080 hivi, karibu theluthi yake imepotea. Moto mkali unaohitaji nyuzi 480 utachelewa kufika au hautafika kabisa, na utapata lami badala ya jivu.

Na stima ikipotea katikati? Feni inayopoza vyombo vya ndani inasimama, lakini joto limebaki. Linapanda taratibu hadi kwenye saketi za kitufe na saa, na hapo ndipo vinapoungua. Mlango unabaki umefungwa. Uache, zima swichi ya ukutani, subiri ipoe. Katika modeli nyingi komeo litafunguka stima ikirudi na saa ikishawekwa upya. Huku kwetu Magharibi ninaongeza jambo: radi. Kakamega na Kisii ni nchi ya radi, na Kisumu mawingu yakianza kujikusanya juu ya milima ya Nandi alasiri, usianzishe kazi ya saa tatu ambayo huwezi kuikatiza salama. Kwa hiyo tena, asubuhi.

Maji yanawahusu wenye mvuke tu, lakini yanawahusu sana. Maji ya kisima yenye chumvi nyingi huacha ukoko mweupe kwenye sakafu ya oveni, na baada ya miezi kadhaa ukoko huo unakuwa mgumu kuliko uchafu uliokuwa ukiuondoa. Sisi tuna bahati: maji ya mvua ya tangi ni laini. Yachuje kwa kitambaa safi kuondoa vumbi la mabati, uyatumie hayo. Ukoko ukishaanza, mimina siki kidogo juu yake oveni ikiwa baridi, kaa nusu saa, futa. Kuna anayeniuliza kama urefu wa Nakuru unaharibu usafi wa mvuke, kwa kuwa maji yanachemka mapema kule, nyuzi 94 hivi badala ya 96 za Kisumu. Hapana. Tofauti hiyo utaisikia kwenye maharagwe, si hapa.

Matunzo na spea

Moto mkali una masharti mengi kabla ya kubonyeza kitufe. Toa kila kitu: trei, mawe ya kuokea, kipima joto, karatasi ya foili. Foili hasa, kwa joto lile inaweza kuungana na enameli isitoke tena. Toa pia wavu na reli zake, isipokuwa kitabu kiseme wazi kwamba zinastahimili. Wavu wa kromu ukiachwa ndani hufifia, ukawa wa kijivu, na kuanza kukwama ukiuvuta. Usitumie dawa ya oveni wala soda nyingi kabla yake, kwani masalio yake yakipashwa hutoa mvuke mbaya na kula enameli. Mpira wa mlango, ambao kwenye oveni hizi kwa kawaida ni msuko wa nyuzi za kioo, usiusugue wala usiuloweshe; futa tu enameli inayouzunguka. Kuujaribu, funga mlango juu ya kipande cha karatasi kisha kivute. Kikitoka bila kushikwa, joto linavuja hapo na mpira unahitaji kubadilishwa kabla ya usafi mwingine.

Nami nina kovu langu hapa. Nilikuwa na oda za Krismasi, na tarehe 23 Desemba nikaona heri oveni iwe safi kabla ya kuanza. Usafi wenyewe ulikwenda vizuri. Oveni ilipopoa haikuwaka tena: kifaa kinachokata stima joto likizidi kilikuwa kimekatika, na modeli ile haikuwa na spea Kisumu wala Eldoret. Nilizunguka nyumba tatu za majirani nikiomba nafasi ya kuoka, na keki mbili sikuzifikisha. Moto wa namna ile huzibana sehemu zilizo dhaifu, zikakatika siku hiyohiyo badala ya kukatika miezi sita baadaye. Tangu hapo sheria yangu ni kwamba moto mkali hufanywa wiki mbili baada ya sherehe, kamwe si kabla yake. Na kabla ya kununua, muulize fundi wa mtaani kwako, si muuzaji, kama amewahi kupata kifaa hicho na ubao wa saketi wa modeli unayoitaka.

Kwa nyumba ya kawaida, mara moja kila miezi miwili au mitatu inatosha. Ukiacha hadi iwe nyeusi kabisa, unaongeza moshi.

Katalisti inataka uiache. Hakuna sabuni, hakuna brashi, hakuna soda; ukiziba vile vitundu umeua ukuta. Kila baada ya wiki kadhaa, ipashe nyuzi 250 kwa saa nzima. Haidumu milele, kuta hizi huchoka na kubadilishwa, kwa hiyo muulize muuzaji kama anaziuza peke yake. Asipokuwa nazo, jua kwamba siku zikichoka utabaki na oveni ya kusafisha kwa mkono ambayo kuta zake hazisuguliki.

Mvuke hauna mengi: kausha sakafu baada ya kila usafi ili unyevu usikae, na shughulikia ukoko mapema. Mkono nao unataka uepuke hita na mpira. Soda ikigusa alumini hubadilisha rangi yake, kwa hiyo toa trei za alumini kwanza.

Kulingana na hali yako

*Umepanga nyumba, waya ni wa zamani na mwenye nyumba hataki uguswe.* Mvuke au katalisti. Moto mkali uuache mpaka uhamie penye waya wake wenyewe, hata kama umepata oveni ya bei nzuri.

*Unajenga au unakarabati, na unachoma nyama sana.* Moto mkali unakufaa, kwa sharti kwamba fundi aweke waya wa kuka sasa hivi wakati kuta ziko wazi, na dirisha la jiko lifunguke kikamilifu. Ile kinga nene itakupunguzia stima kila siku unayopika, si siku ya usafi tu.

*Unaoka keki na mikate kwa biashara.* Mvuke, kila jioni au kila baada ya siku mbili, oveni ikiwa bado na uvuguvugu. Katalisti itazibwa na sukari mapema. Kama tayari unayo ya pairo, itumie miezi ya oda chache kama Februari.

*Unachoma kuku na samaki, lakini huna saa za kukaa ukilinda oveni.* Katalisti. Weka trei chini ya wavu ikamate yanayodondoka, kwa sababu sakafu ni jukumu lako.

*Una kuka ya gesi.* Mkono, usiku wa Ijumaa soda, Jumamosi asubuhi kitambaa. Kama ndani kuna ukuta wa kukwaruza, huo usiupake kitu.

*Mna mgonjwa wa pumu, mtoto mchanga, au ndege ndani ya nyumba.* Mvuke au mkono wa soda. Kama oveni mliyo nayo ni ya pairo, si lazima mkitumie kile kitufe. Inafutika kwa kitambaa na maji ya uvuguvugu kama oveni nyingine yoyote, na kinga yake nene bado mnafaidi.

*Stima inapotea kwenu mara kwa mara.* Kazi fupi ni salama kuliko ndefu. Usafi wa nusu saa ukikatizwa unarudiwa. Wa saa tatu ukikatizwa unaweza kukugharimu ubao wa saketi.

Dada yangu alichukua ile yenye kishimo. Vifaranga wake wako mita nne kutoka jikoni, na waya wake ni wa enzi za marehemu shemeji. Jirani yake, aliyejenga mwaka jana na hana kuku, alinunua ile nyingine, na asubuhi za Jumamosi unaweza kuyaona madirisha yake yote yako wazi.